Flashi ya kupigia windo: ipi uchukue hapa Mtwara

Mtu anakuja na laptop imegoma kuwaka, namuuliza flashi unayo, anachomoa ile ya bure ya semina, 4GB. Hiyo haitoshi kupiga windo (kuweka Windows upya) ndugu yangu, ISO ya Windows 11, yaani lile faili moja lenye windo nzima, peke yake imepita 5GB na Microsoft wenyewe wanataka flashi ya 8GB kwenda juu.

Namba moja kwangu ni 32GB ya USB 3, Kingston au SanDisk orijino. Kwanini 32 wakati 8 inatosha? Kwa sababu ukiiwekea programu ya Ventoy unatupia ISO zako humo kama unavyotupia miziki, Windows 10, 11, hata Ubuntu (mfumo mwingine usio Windows), zote ndani ya flashi moja, ukiwasha kompyuta kupitia flashi hiyo inakuletea menyu unachagua, na kwa sisi tunaotoka mjini kwenda kumpigia mteja windo Newala au Tandahimba hiyo ni raha maana unafika kule unakuta mashine ya kizee haina TPM 2.0 (kifaa cha usalama ndani ya kompyuta), Windows 11 haiitaki, basi unampigia nyingine bila kuunguza bando.

Namba mbili 16GB ya USB 2. Inafanya kazi ila ni kobe, Rufus, programu ya kuandika ISO kwenye flashi, ikianza kuandika we nenda kanunue ming'oko, utamaliza kula na kunawa ndo inakaribia mwisho. Ukiwa na kompyuta moja tu ya nyumbani chukua hii, hela nyingine kanunue samaki.

Memori kadi na kadi rida ni ya dharura tu, kuna mashine hazioni kabisa. SSD ya nje, ile diski ya kasi ya kuchomeka, waachie mafundi wenye foleni ya wateja.

Sasa ya mkiani, ile "1TB" ya elfu kumi. Nilishapigwa nayo mimi, msimu wa korosho, si unajua hela ikimwagika mtaani kila kitu kinaletwa kuuzwa. Nikaichomeka inasoma 1TB kweli, nikaandika ISO vizuri, windo ikafika katikati ikaleta eti faili halipo. Ndani mle chipu ni ndogo, wamechezea kontrola (kile kinachoiendesha flashi) iseme uongo, ikijaa kile kidogo chake vinavyofuata vinapotea hewani au vinafuta vya mwanzo. Ipime na programu ya H2testw, inaijaza yote halafu inasoma kama ilichoandika ndo kilichomo, ila inachukua muda mrefu huwezi kuipima dukani umesimama.

Flashi za steshonari zilizouzwa na windo ndani kabisa mimi siziamini, hujui kimefichwa nini. Futa, shusha ISO kwenye tovuti ya Microsoft usiku bando likiwa rahisi, uandike mwenyewe. Na picha zako zitoe kwanza, Rufus haibakishi kitu.

Kabla hujalipa mwambie muuzaji kabisa, kaka hii nikiipima ikawa feki nairudisha kesho, niandikie risiti. Akianza kukuna kichwa, duka la pili lipo hapo hapo ng'ambo.