Roboti au kufundisha watu? GM walijaribu vyote viwili

Yaani hii stori ya GM (General Motors, kampuni ya magari) kule Marekani miaka ya 80 natamani kila bosi aijue. Kiwanda chao cha Fremont, California kilifungwa 1982, utoro kazini ulikuwa kama 20% na magari yanatoka na kasoro kibao. 1984 kikafunguliwa tena kwa ubia na Toyota, jina NUMMI, na wafanyakazi wengi ni walewale wa zamani! Ila safari hii mamia ya viongozi wa timu walipelekwa Japani wakajifunze kwa vitendo, halafu kila mtu akaruhusiwa kuvuta kamba ili laini ya kuunganisha magari isimame akiona tatizo, utoro ukashuka hadi kama 2% na ubora ukakaribia ule wa Japani kwenyewe.

GM haohao upande mwingine wakamwaga mabilioni ya dola kwenye roboti. Kwenye kiwanda chao cha Hamtramck, Michigan, cha 1985, roboti zikawa zinapakana rangi zenyewe badala ya magari.

Mi nachagua mafunzo bila kusita. Shida yake ni moja tu, yanachukua muda, hata GM walichelewa miaka mingi kuyapeleka viwanda vyao vingine.