Hoteli ya Uzamiaji na Bima kwa Safari ya Karibi: Uchaguzi Uanzie Wapi

Wengi wanaopanga safari ya kuzamia katika bahari ya Karibi huchagua hoteli kwa picha na bei, kisha huikumbuka bima wiki ya mwisho, tiketi zikiwa zimeshalipiwa. Mwongozo huu unapendekeza utaratibu tofauti. Hoteli na bima ni ununuzi mmoja, na kinachoviunganisha ni swali ambalo matangazo ya utalii hayaligusi: mzamiaji akidhurika chini ya maji, atafikishwaje kwenye chemba ya mgandamizo (chumba maalumu cha kumtibu kwa shinikizo la hewa), baada ya muda gani, na kwa fedha za nani? Visiwa vilivyotajwa hapa vimepangwa kwa jibu la swali hilo kwanza, kisha kwa ubora wa miamba ya matumbawe, na mwisho kwa gharama.

Sababu ya kuipa chemba uzito huo iko katika mwili wenyewe. Hewa ya mtungi ina naitrojeni, ambayo chini ya shinikizo la maji huyeyuka katika damu na misuli. Mtu akipanda juu kwa haraka, au akiwa amekaa kina kirefu kupita kiasi, naitrojeni hiyo hutoka kwa umbo la mapovu yanayoweza kuumiza viungo, uti wa mgongo au ubongo. Huduma ya kwanza ni kumpa oksijeni, na tiba kamili ni kumwingiza katika chemba ambamo shinikizo hupandishwa tena, kazi ambayo kwa kawaida huchukua karibu saa tano kwa duru moja, na wagonjwa wengine huhitaji duru kadhaa. Hawezi kupandishwa ndege ya abiria apelekwe kwingine, kwa sababu shinikizo la ndani ya ndege hushuka na mapovu hukua. Huhitajika ndege ya wagonjwa inayodumisha shinikizo la usawa wa bahari, na gharama yake hufika makumi ya maelfu ya dola.

Visiwa kwa daraja

Nafasi ya kwanza ninaipa Bonaire, kisiwa kilicho chini ya Uholanzi, kaskazini ya Venezuela. Hospitali ya Fundashon Mariadal mjini Kralendijk ina chemba, na kwa kuwa kisiwa ni kidogo, hakuna kituo cha kuzamia kilicho mbali nayo kwa gari. Bahari inayokizunguka ilifanywa hifadhi mwaka 1979, na mwambao wa magharibi una vituo zaidi ya hamsini ambavyo mzamiaji huingia kwa miguu kutoka ufukweni, kila kimoja kikiwa na jiwe la manjano kando ya barabara lenye jina lake. Huduma inayouzwa na hoteli za huko, kama vile Buddy Dive na Captain Don's Habitat, ni chumba, gari la mzigo la kukodi na mitungi isiyohesabiwa, ili mtu azamie saa anayotaka akiwa na mwenzake bila kungoja boti. Kabla ya hapo hulipwa ada ya hifadhi, huhudhuriwa maelezo ya kanuni, na mzamiaji hufanya mbizi ya kwanza ya kujipima uzani na vifaa mbele ya hoteli. Glavu haziruhusiwi, kwa sababu mwenye glavu hushika matumbawe bila kufikiri. Wizi katika magari yaliyoegeshwa ufukweni ni jambo linalojulikana, basi kisiachwe kitu ndani ya gari, na masharti ya bima ya gari lenyewe yasomwe.

Kipo kigezo kingine kinachoiweka Bonaire juu. Msimu wa vimbunga vya Atlantiki huanza tarehe 1 Juni na kuisha tarehe 30 Novemba, na njia kuu ya vimbunga hivyo hupita kaskazini ya Bonaire, Curaçao na Aruba. Hilo halimaanishi usalama kamili, kwani mawimbi ya kimbunga Lenny mwaka 1999 na Omar mwaka 2008 yaliharibu miamba ya mwambao huo wa magharibi, lakini mtu anayepata likizo Agosti au Septemba pekee ana sababu nzuri ya kuelekea huko.

Ya pili ni Grand Cayman, ambako chemba iko George Town na huduma za afya ni za kiwango cha juu. Mabaki ya meli Kittiwake, iliyozamishwa kwa makusudi Januari 2011, yanawafaa hata wanaoanza. Upungufu wake ni bei: dola ya Cayman hubadilishwa kwa dola 1.20 za Marekani, na anayesoma bei za migahawani bila kukumbuka hilo atapitisha bajeti yake. Little Cayman, kisiwa jirani chenye ukuta maarufu wa Bloody Bay, ambao kilele chake kiko mita sita tu chini ya maji kabla ya kuporomoka kuzimu, ni kizuri kuliko ndugu yake mkubwa, lakini mgonjwa wa huko hulazimika kuvushwa hadi Grand Cayman, na kwa hiyo ninakiweka chini yake.

Cozumel, Mexico, ni ya tatu. Kuna chemba kisiwani, boti ni nyingi, na ushindani umeshusha bei. Uzamiaji wa huko ni wa kuachia mkondo ukubebe kando ya miamba kama Palancar na Santa Rosa, huku boti ikiwafuata kwa juu. Aliyejifunza kuzamia katika mikondo ya Pemba hatapata tabu. Aliyejifunzia bwawani aombe mwongozaji wa peke yake siku za mwanzo. Roatán, nchini Honduras, ninaipa nafasi ya nne, hasa kwa wanaotaka bei moja ya chumba, chakula na boti. Hoteli ya Anthony's Key ina chemba katika eneo lake, jambo ambalo ni nadra mahali popote duniani.

Belize inakuja ya tano, na najua wengi hawatakubali. Mwamba wake umo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 1996, na lile Shimo la Buluu lenye upana wa takriban mita 300 huonekana katika kila tangazo. Lakini iangaliwe safari yenyewe: chemba iko San Pedro, Shimo la Buluu liko zaidi ya saa mbili kwa boti kutoka hapo, na mbizi inayouzwa hushuka hadi mita 40, ambao ndio ukomo wa uzamiaji wa burudani. Yaani mbizi ya kina kirefu kuliko zote za wiki hiyo hufanyika mbali na tiba kuliko zote. Anayekwenda Belize afurahie miamba ya karibu, na mbizi hiyo aifanye tu kama ana cheti cha kina hicho na boti yenye oksijeni ya kutosha kwa safari nzima ya kurudi.

Kote huko matumbawe yamedhoofika, na ni haki ya mnunuzi kujua. Ugonjwa unaomeza nyama ya matumbawe magumu, uliogunduliwa Florida mwaka 2014, ulifika Cozumel mwaka 2018, Cayman mwaka 2020 na Bonaire mwaka 2023. Hoteli inayowataka wageni waoshe vifaa kwa dawa kati ya kituo kimoja na kingine inastahili kupendelewa.

Maswali ya kuiuliza hoteli kabla ya malipo

Yaulizwe kwa barua pepe, ili majibu yabaki. Je, kila boti ina oksijeni, na inatosha dakika ngapi? Chemba ya karibu inapokea wazamiaji usiku na siku za mapumziko? Swali hili la pili lina uzito, kwa maana hata Marekani hospitali nyingi zina chemba zinazotibu vidonda kwa miadi tu na hazipokei dharura za wazamiaji. Mwongozaji mmoja huongoza wageni wangapi? Kimbunga kikitangazwa, fedha hurudishwa au hugeuzwa kuwa tarehe nyingine? Hoteli inayojibu kwa jumla jumla iachwe.

Fomu ya afya nayo iombwe mapema. Mwenye pumu, shinikizo la damu au historia ya upasuaji wa kifua huhitaji saini ya daktari, na kituo kina haki ya kumkatalia asiye nayo hata kama amelipa wiki nzima. Anayeficha ugonjwa katika fomu hiyo huhatarisha uhai wake, na pia huipa kampuni ya bima sababu ya kukataa madai.

Bima kwa daraja

Ya kwanza kununuliwa ni bima mahususi ya ajali za uzamiaji. Mtandao unaojulikana zaidi ni Divers Alert Network, maarufu kwa kifupi DAN, ulioanza mwaka 1980 katika Chuo Kikuu cha Duke, Marekani. Una matawi ya Ulaya na ya Kusini mwa Afrika, na mtu hujiunga na tawi linalohudumia anakoishi, si anakokwenda. Thamani yake kubwa ni simu ya dharura inayopokewa na wataalamu wa tiba ya uzamiaji saa zote. Kampuni yoyote itakayochaguliwa, yatafutwe mambo haya katika mkataba: kiwango cha juu cha kulipia chemba na ndege ya wagonjwa, kina kinachoruhusiwa, na kama inalipa kwanza au inalipa tu baada ya bima yako ya afya kukataa au kumaliza sehemu yake. Mkataba wa aina hii ya pili huwa nafuu, lakini humwacha asiye na bima nyingine katika mazungumzo marefu.

Ya pili ni bima ya safari, ambayo hushughulikia kufutwa kwa safari, mizigo na kuchelewa. Inunuliwe siku ya malipo ya kwanza, kwa sababu kimbunga kikishapewa jina, bima iliyonunuliwa baadaye haikilipii. Mwaka 2024 kimbunga Beryl kilipiga kisiwa cha Carriacou, nchini Grenada, tarehe 1 Julai, mwezi mmoja tu baada ya msimu kuanza. Nyingi za bima hizi huondoa uzamiaji kabisa au huuwekea ukomo wa mita 30 au chini yake, kwa hiyo haiwi badala ya ile ya kwanza. Bima ya kadi ya benki ninaiweka mwisho, na bima ya siku inayouzwa kaunta ya hoteli ni ya kumsaidia aliyesahau.

Anayetoka Afrika Mashariki aangalie pia njia. Kupita Miami huhitaji viza ya Marekani hata kwa kubadili ndege tu. KLM huruka kutoka Nairobi na Dar es Salaam hadi Amsterdam, na kutoka hapo hadi Bonaire, ambayo ina taratibu za viza zilizo tofauti na za Schengen, yaani viza ya pamoja ya nchi nyingi za Ulaya. Tarehe ya kurudi ichaguliwe kwa kuhesabu mbizi ya mwisho: saa 12 angalau baada ya mbizi moja, saa 18 baada ya mbizi za siku kadhaa, na wengi hungoja saa 24 kamili. Ndiyo maana kifurushi cha usiku saba chenye siku sita za mbizi huwa na siku moja usiyoweza kuitumia, na bei ya siku hiyo inaweza kujadiliwa.