TAHADHARI: Miura SV ya "mirathi" ni utapeli, usitoe arubuni

Wapenzi wa magari ya kale, kuna mtu anazungusha tangazo la Lamborghini Miura P400 SV ya mwaka 1972, usukani kulia, "haijawahi kuguswa na fundi". Halitangazi hadharani, anawafuata wakusanyaji mmoja mmoja. Usimtumie hata senti. Gari hana. Picha kaziokota, namba ya chasisi ni ya gari la mtu mwingine, na hiyo akaunti anayoiita ya dhamana, yaani ya mtu wa kati wa kushika fedha, ni yake mwenyewe. Mwenzangu mmoja alikuwa ameshajaza fomu za benki tulipomzuia, ndiyo maana naandika bila kungoja.

Hadithi yake imepangwa vizuri. Mzee amefariki, watoto wanataka kumaliza mirathi, gari limefungiwa bohari ya forodha na haliwezi kukaguliwa mpaka mnunuzi atoe arubuni ya asilimia kumi. Bei yake ndiyo iliyonitisha zaidi. Miura SV ya kweli inakwenda kwa mamilioni ya dola, na angetaja bei ya kutupa, kila mtu angemkimbia. Yeye kapunguza kiasi tu cha mtu mwenye haraka, bei ambayo hata mzoefu anajiambia, "Huenda nimebahatika."

Sasa tazama picha zake kwa makini. Ukikuza ile ya ndani, tarakimu za spidomita zimeandikwa kinyumenyume, kama unazisoma kwenye kioo. Picha zimegeuzwa: kushoto kumekuwa kulia. Gari la asili lina usukani kushoto, kama Miura nyingi, na kwa kuigeuza picha amepata vitu viwili kwa mpigo. Kwanza, ukiitafuta picha hiyo mtandaoni huipati. Pili, Miura zenye usukani kulia ni chache mno, kwa hiyo kosa la picha amelifanya kuwa sifa ya kupandishia thamani. Maandishi ya nyuma ya gari ameyafuta, lakini saa za dashibodi kazisahau. Tulipozirudisha picha upande wake na kutafuta upya, zikatokea zilezile kwenye katalogi ya mnada wa miaka iliyopita, hadi mkwaruzo ulio kwenye ukingo wa kiti.

Picha ya mbele nayo inamuumbua. Miura za mwanzo, P400 na P400 S, zina zile kope nyeusi kuzunguka taa za mbele. SV, iliyotoka mwaka 1971, karibu zote hazina kope, na mabawa yake ya nyuma yamepanuliwa kubeba magurudumu mapana zaidi. Gari lake lina kope katika picha moja, na katika nyingine halina. Hayo ni magari mawili!

Nilimuuliza swali ambalo mwenye Miura yeyote analijibu usingizini: oili ya injini na ya giaboksi ni moja, au zimetenganishwa? Akajibu kwamba Miura zote tangu 1966 zimetenganishwa. Si kweli. Injini ile ya V12, yenye silinda kumi na mbili, imelazwa kwa upana nyuma ya viti na giaboksi imeungwa nayo, na kwa miaka mingi ya uzalishaji zilitumia oili moja. Kutenganisha kulikuja kwenye SV za baadaye, na ni jambo linalobadilisha bei ya gari. Hakuna familia inayouza SV kwa fedha zote hizo bila kulijua.

Namba ya chasisi ndiyo inayowalaza watu, kwa sababu ukiichunguza unakuta ipo kweli. Lakini namba ikishachapishwa kwenye katalogi, yeyote anaweza kuinakili. Namba iliyogongwa kwenye fremu na ile ya injini zisomwe na fundi wako, aliyesimama mbele ya gari, kisha zilinganishwe na kumbukumbu za kiwanda. Lamborghini wana kitengo chao, Polo Storico, kinachotunza nyaraka za magari hayo na kutoa vyeti. Huyu alipoambiwa tuandikie huko kwanza, alikasirika, akasema kuna mnunuzi mwingine anayelipa kesho. Kuuziwa mbuzi kwenye gunia ni kubaya. Huyu hata gunia hana.

Msilegee hata mkikutana na muuzaji mwenye gari la kweli mkononi. SV zilitengenezwa 150 tu kati ya Miura zipatazo 760, kwa hiyo zipo P400 zilizotolewa kope na kupanuliwa mabawa zifanane nazo. Nyaraka za kiwanda ndizo zinazotenganisha.

Kuhusu dhamana: mtu wa kati mchague wewe, au wakili wako, kamwe si muuzaji. Tovuti aliyotutumia ilikuwa mpya kabisa, na jina la mpokeaji kwenye akaunti halikufanana na jina la kampuni.

Na kama fedha zimeshatoka, piga simu benki sasa hivi, uwaambie ni utapeli na uombe muamala urejeshwe kabla haujahamishwa tena. Kisha ripoti polisi. Usifute ujumbe wake wowote, na usimwambie kwamba umemgundua mpaka benki iwe imekujibu.