Kitako cha mlingoti: cha kuagiza na cha kuacha ukiwa Nairobi

Kitako cha mlingoti ni kifaa kinachounganisha mlingoti wa tanga na ubao katika mchezo wa kuteleza majini kwa upepo (windsurfing). Kwa mkazi wa Nairobi anayeteremka Naivasha Jumamosi kuteleza na kwenda Diani au Watamu wakati wa likizo, tunapendekeza kitako cha bolti moja chenye kiungo cha tendoni na pini ya Ulaya, pamoja na tendoni moja ya akiba mfukoni. Wanaopenda mawimbi mazito wana sababu zao za kutaka bolti mbili, tutazifikia. Ila kigezo chetu cha kwanza si wepesi wala jina la kampuni. Kikikatika ukiwa pwani, zaidi ya kilomita 480 kutoka nyumbani, utakitengeneza mwenyewe kwa spana ndogo au safari imeishia hapo?

Kitako kina sehemu tatu. Chini kuna bamba, lenye bolti na nati inayoingia kwenye mfereji wa ubao. Katikati kuna kiungo, kinachouruhusu mlingoti kuinama kila upande. Juu kuna pini au kikombe cha kushikia ekstensheni, yaani bomba linaloingia ndani ya mlingoti. Mifereji ya mbao ngumu za kampuni kubwa karibu zote ina kipimo kimoja, kwa hiyo bamba la Chinook huingia kwenye ubao wa Starboard au Fanatic bila taabu. Mbao za kujaza upepo ni habari nyingine: nyingi hazina mfereji, zina tundu la nyuzi za M8 tu, na bolti yake huuzwa kivyake. Angalia mgongo wa ubao wako kabla ya kulipa.

Kiungo ndicho cha kutolea pesa na muda. Tendoni ni kipande cha poliurethani (plastiki inayonyumbulika kama mpira), kinene kwenye ncha na chembamba kiunoni, kinachokaa kati ya vikombe viwili na kushikwa na pini au skrubu kila upande. Hujikunja bila ubishi, kwa hiyo anayejifunza kuinua tanga kutoka majini hapigani nacho. Shida ni kwamba hukatika bila kelele. Ufa huanzia kiunoni, au pale poliurethani inapoingia kwenye kikombe, na kitako kikisimama wima ufa huo umejifunga, huuoni. Kwa hiyo kikunje mpaka pini ilale sambamba na ubao, nyuzi 90 kamili, kisha pitisha ukucha taratibu upande uliovutika. Geuza robo, kunja tena, mpaka umalize mzunguko. Ukucha ukikwama mahali, hata kama ufa ni mwembamba kama unywele, tendoni hiyo imekwisha. Ikinata mkononi au ikiwa laini kuliko mpya, imekwisha pia, hata bila ufa. Joto na unyevu huiozesha poliurethani kutoka ndani, na kuiacha imelowa kwenye buti ya gari lililoegeshwa juani ni njia ya haraka ya kuimaliza. Anayeingia majini mara kwa mara aibadilishe kila mwaka. Tendoni peke yake ni bei ndogo ukilinganisha na kitako kizima, na kuibadilisha hakuhitaji fundi: fungua skrubu mbili, toa ya zamani, ingiza mpya, kaza.

Kitako cha tendoni kisicho na kamba ya usalama, ule utepe unaounganisha kikombe cha juu na cha chini, kirudishe dukani. Tendoni ikikatika, kamba hiyo ndiyo inayoacha tanga na ubao pamoja ili ujikokote hadi ukingoni. Bila hiyo ubao huondoka na upepo, na Naivasha ina viboko. Si mahali pa kuufuata ubao kwa kuogelea.

Mpira mnene uliobana kiunoni, unaouzwa kwa jina la Boge, una sifa ya kumeza mishtuko, na magoti hushukuru kwenye maji ya vurugu. Lakini ni mgumu kukunja, na unakaa juu zaidi. Kasoro inayotufanya tusite ni kwamba mpira umegandishwa kwenye chuma, na ukiachana hapo hubadilishi mpira tu, unanunua kiungo kipya. Kiungo cha chuma kilichotengenezwa kwa misalaba na pini hakiozi kwa jua wala joto, ila mchanga hukitafuna, kina kelele, na kikifika mwisho wa kukunjika hugeuka wenzo unaokandamiza ubao. Kwa ubao mwepesi wa kaboni hatukipendekezi.

Sasa bolti. Kitako cha bolti moja hukazwa kwa mkono: unapitisha nati kwenye sehemu pana ya mfereji, unakisogeza hadi alama unayotaka (anza katikati), unazungusha bamba mpaka ligome. Ni haraka, na unaweza kusogeza kitako ukiwa ufukoni bila kifaa chochote. Kosa la kawaida ni mchanga. Ukiingia kati ya nati na mfereji, mkono unahisi kwamba bamba limekaza kumbe ni chembe zinazosuguana, na ukifika majini kitako kinateleza. Suuza mfereji kwanza. Kitako cha bolti mbili hugawa mzigo kwenye eneo refu la mfereji na hakizunguki, ndiyo maana wapanda mawimbi hukipenda, lakini kila ukitaka kukisogeza lazima uwe na bisibisi.

Kwa aina zote mbili, pima urefu wa bolti. Ikiwa ndefu mno, ncha yake hugonga sakafu ya mfereji kabla bamba halijabana. Ukiendelea kukaza unaisukuma ndani ya ubao mpaka mfereji upasuke na maji yaingie. Ncha isipite nati kwa zaidi ya uzi mmoja au miwili.

Pini ya Ulaya ni chuma kilichosimama juu ya kiungo, kikiwa na kijifereji ambacho kufuli ya ekstensheni hushika. Mfumo wa Marekani una kikombe, na ekstensheni huingia ndani yake kwa vitufe viwili vinavyochomoza pembeni. Yote miwili inashika vizuri. Haichanganyiki, ni hilo tu la kukumbuka, na Chinook hutengeneza yote miwili, kwa hiyo jina la kampuni peke yake halikuambii unachonunua. Tunaegemea pini kwa sababu vitufe hukwama vikishika chumvi na mchanga, na ukiwa majini huna namna ya kuvisukuma kwa vidole vilivyolowa.

Ekstensheni lazima ifuate mlingoti: ule mwembamba, RDM, ni karibu milimita 32, na mnene, SDM, karibu milimita 48. Urefu unapatikana kwa hesabu ndogo. Tanga likiandikwa lafu (urefu wa ukingo wake unaokaa kwenye mlingoti) 448 na mlingoti ni 430, unahitaji sentimita 18, basi ekstensheni ya 30 inatosha na kubaki. Usitumie ya alumini ndani ya mlingoti wa kaboni ukaiacha humo usiku kucha ikiwa na maji ya bahari: alumini huliwa, unga mweupe hujaa, na bomba halitoki tena. Itoe siku hiyo hiyo, isuuze kwa maji ya bomba. Kamba ya kuvutia tanga chini iwe ya dainima (Dyneema, uzi imara usiovutika), milimita 4, ipite kwenye roda bila kujipinda juu ya nyuzi zenzake. Zikivukana, unavuta kwa nguvu zote na tanga halishuki.

Vitu vya kununua hapa hapa mjini vipo. Maduka ya Kirinyaga Road yana bolti, nati na washa za kila saizi. Taka stenlesi ya 316, ambayo kichwani imegongwa A4. Ya A2 itaanza madoa ya kutu baharini. Huko huko utaona bushi za gari za poliurethani, na fundi atakuhakikishia kwamba anaweza kukuchongea tendoni kutoka kwenye mojawapo. Mshukuru, uende zako. Bushi imetengenezwa kubanwa, tendoni inavutwa na kukunjwa kila sekunde, na ugumu wa nyenzo hizo mbili haufanani. Pini nayo usichongeshe jua kali kwa chuma cha kawaida.

Ukinunua kilichotumika kutoka kwa mgeni anayehama, omba picha tatu kabla ya kukodi teksi hadi Karen au Runda: kiungo kikiwa kimekunjwa kabisa, upande wa chini wa bamba na nati yake, na pini kwa karibu. Halafu ukifika shika pini uitikise. Ikicheza, punguza bei au uache. Hata kikiwa kizuri, hesabu tendoni mpya kama sehemu ya bei, maana hakuna anayekumbuka ya sasa ilinunuliwa mwaka gani.

Ukiagiza kutoka ng'ambo, weka tendoni mbili, skrubu zake, kamba ya usalama na mita nne za kamba kwenye oda moja na kitako. Usafirishaji, ushuru na VAT ya asilimia 16 vitaumiza mara moja tu, badala ya kukuumiza tena kwa kifurushi chenye kipande kimoja cha poliurethani.