ThinkPad T480: betri mbili kwa umeme wa Unguja

Huu ni mwezi wa nane tangu nianze kutumia ThinkPad T480, kompyuta ya mkononi niliyoinunua mtumba Mlandege, mjini Unguja, kwa shilingi laki sita na nusu. Ni mashine ya 2018, lakini kwa bei hiyo sijaona kompyuta mpya hata moja ya kuifikia.

Kinachonipendeza zaidi ni betri zake mbili. Moja imo ndani, ya pili unaichomoa kwa nyuma. Umeme ukikatika usiku, naitoa ya nyuma iliyokwisha na kupachika nyengine bila ya kuizima mashine, maana ile ya ndani inaishikilia. Kompyuta nyembamba za siku hizi hazikupi hilo! Ndani kuna nafasi mbili za RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi). Nilifungua kwa bisibisi mwenyewe, nikatoka GB 8 hadi 16. (Kabla ya kufungua, izime betri ya ndani kupitia BIOS, yaani mipangilio ya mashine inayofunguliwa kabla ya Windows kuwaka.)

Ukienda kununua, angalia prosesa (ubongo wa kompyuta) kwanza. Ziko T480 zenye Intel ya kizazi cha saba, na hizo Windows 11 haizikubali. Tafuta kizazi cha nane, mfano i5-8250U. Kioo, taka cha nukta 1920 kwa 1080. Na mulika tochi ndani ya matundu ya USB, kwani chumvi ya bahari yetu hula chuma kimyakimya.

Betri yangu ya nyuma ilikuwa imechoka. Nimeweka ya seli sita, inachomoza kidogo chini na kuiinua kibodi, na sasa naanza asubuhi nafika alasiri bila ya waya.