Kufundisha Kusoma Picha Darasa la Tano: Katuni ya Gazeti au Mchoro wa Tingatinga?
Kwa gharama, katuni inashinda, kwa kuwa gazeti la jana hupatikana karibu bure; mchoro wa Tingatinga, yaani picha ya wanyama yenye rangi kali, hununuliwa, ingawa rangi yake ya mafuta hudumu miaka mingi, ilhali karatasi ya gazeti hugeuka njano na kuchanika upesi.

Tofauti kubwa iko katika maswali ambayo kila picha huyazaa. Katuni humlazimisha mwanafunzi kuuliza ni nani aliyechorwa mkubwa kuliko wengine, kwa nini, na mchoraji yuko upande wa nani. Lakini asiyefuatilia habari za wiki hiyo hubaki nje, na mwalimu hujikuta akieleza siasa kabla ya kufika kwenye picha. Mtindo ulioanzishwa na Edward Saidi Tingatinga jijini Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960 haudai ujuzi huo: mtoto huanza moja kwa moja na rangi, mistari ya pembeni na mnyama aliyeujaza ubao. Hapo ndipo hata wasiosoma maandishi kwa ufasaha huthubutu kunyoosha mkono, jambo ninalolithamini sana.

Darasa lililozoea taarifa ya habari litanufaika zaidi na katuni. Linaloanza kabisa litahitaji Tingatinga.