Tofali za kufungamana Mwanza: uzoefu wangu, na bado nina hasira

Jamani naandika hii damu ikiwa bado inachemka, mnivumilie. Tunakarabati nyumba ya mama Mkolani, ukuta wa jikoni ulishachoka, na mi tofali za kuchoma sikuzitaka kabisa. Aliyewahi kupita kwenye matanuru ameona magogo yanayoingia mle, miembe mizima inakatwa inageuka kuni, halafu tunakaa tunalalamika joto. Hizi za kufungamana ni udongo na simenti kidogo, zinashindiliwa kwa mashine, hazioni moto, zina meno yanayoshikana. Nikalipa kwenye kiwanda kimoja hapa mjini, kenta ikashusha, fundi akaanza kazi.

Mvua ya kwanza ya vuli ikaja, ile yenye upepo wa ziwani. Kuamka asubuhi, upande wa nje umemomonyoka, kona zimeliwa, meno hayaonekani. Nikachukua tofali ambayo haijajengewa nikaikwangua na funguo ya geti, funguo ikazama kama kwenye sabuni. Fundi akaivunja katikati, udongo ukapukutika mkononi, akasema mama hii haijanywa maji, wameifyatua wakaianika juani wakakuuzia.

Na shida yote iko hapo. Simenti hata iwe kidogo inataka unyevu ndo ishike. Tofali ikitoka kwenye mashine inakaa kivulini, inafunikwa nailoni, inamwagiliwa angalau wiki nzima, na nguvu yake hasa unaihesabia siku 28. Ukiianika kwenye jua letu hili inakauka upesi, kwa macho unaiona ngumu, kumbe ndani hamna kitu.

Nikaenda na vipande kwenye mfuko. Kijana wa mauzo hata hakuviangalia, macho kwenye simu, ananiambia, "Mama, tofali za mazingira ndo zilivyo, maji haziwezi, ungepiga lipu siku ileile. Ukitaka ngumu si ukanunue za kuchoma?" Nikamuuliza mwanangu, hizi zilimwagiliwa siku ngapi? Akajibu yeye ni wa mauzo siyo wa kufyatua, akamwita mteja wa nyuma yangu. Shikamoo hakuna, pole hakuna, mtu mzima nimesimama pale na mfuko wangu.

Hela inauma ila ule uongo unauma zaidi. Yule baba wa nyuma yangu alikuwa anaulizia za nyumba nzima, kusikia maji haziwezi akageuka akaondoka zake, sasa mtu kama huyo utamwambia nini tena kuhusu tofali zisizochomwa?

Nilitaka niandike msizinunue kabisa, basi. Lakini ningekuwa mwongo kama yeye, maana chumba cha uani tulishakijenga kwa tofali za aina hiyohiyo, vijana wa mtaani walikuja na mashine ya mkono wakafyatua palepale kiwanjani, moramu, ule udongo wa changarawe, tuliagiza kwa sababu udongo wa pale kwetu ni wa mbuga, ukilowa unavimba ukikauka unapasuka, na mama mwenyewe ndo alisimamia kumwagilia asubuhi na jioni, mtu akisahau anamkoma. Mvua ileile imekipiga chumba hicho, hakina lipu, hakijamong'onyoka popote. Saa nane mchana bati linaunguza, humo ndani mama kalala usingizi.

Kwa hiyo tofali naipa nyota zote, kiwanda hata nusu sikipi. Ila dereva wa kenta muungwana kweli, alishusha akatusaidia na kupanga, hilo lazima niseme.

Sa hivi wanapiga simu eti watanibadilishia nusu. Nusu ya nini? Nataka zote, na nitachagua moja mwenyewe kutoka kwenye rundo nailoweka kwenye ndoo usiku kucha, ikitoka nzima ndo kenta ipakie, ikiyeyuka wanirudishie hela yangu. Au hata wasilete, warudishe hela tu niwaite wale vijana na mashine yao, maana nikikumbuka yule kijana na simu yake sitaki hata kuona gari lao getini.